Kabila rasmi si ukoo wa lugha: dhana potofu kuhusu lugha za Kilolo-Kiburma

Wengi huamini kwamba watu waliosajiliwa kuwa kabila moja husema lugha moja, au angalau lugha zilizo ndugu wa karibu. Katika tawi la Kilolo-Kiburma la familia ya Kisino-Tibeti (familia ya lugha yenye Kichina na Kitibeti pia), linaloenea kutoka Myanmar na kusini-magharibi mwa China hadi Thailand, Laos na Vietnam, dhana hiyo hupotosha vibaya. Wazaiwa wa mkoa wa Yunnan huhesabiwa na serikali ya China kuwa Wajingpo, na mila za pande hizo mbili zimeshikamana kweli. Lakini Kizaiwa kimo katika kundi moja na Kiburma, ilhali Kijingpo hakimo kabisa katika tawi hili. Nyumba huandikwa im kwa Kiburma, Wazaiwa huiita yum, na Wajingpo huiita nta. Bila shaka neno moja halithibitishi nasaba, kwa kuwa maneno huazimwa. Kinachothibitisha ni sauti zinazolingana kwa utaratibu katika maneno mengi ya msingi, na kwa kipimo hicho Kizaiwa huangukia upande wa Kiburma.

Vivyo hivyo, hakuna lugha moja ya Kiyi, ingawa Wayi ni kabila moja rasmi nchini China. Jina hilo limekusanya lugha nyingi ambazo wasemaji wake hawaelewani, na Kilipo, ambacho wasemaji wake wengi huandikishwa kuwa Wayi, kiko karibu zaidi na Kilisu, lugha ya kabila jingine rasmi. Maandishi sanifu yenye alama 819 yaliundwa kwa ajili ya Kinuosu, lugha mojawapo ya Wayi, cha Liangshan katika mkoa wa Sichuan, si kwa Wayi wote.

Toni nazo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, hudhaniwa kuwa ushahidi wa udugu na Kichina. Kithai na Kivietnam vina toni, na havimo katika familia hii. Toni husaidia pale tu historia yake inapofuatiliwa, kama alivyofanya mwanaisimu James Matisoff mwaka 1972 alipoeleza jinsi konsonanti za kale za mwanzo wa silabi zilivyogawanya toni za lugha za Kilolo, kundi lenye lugha za Wayi na Kilisu.

Wala mti wa nasaba wa tawi hili haujakamilika. Makundi mawili makuu, Kilolo na Kiburma, yamekubalika, lakini Kinaxi, lugha ya Lijiang mkoani Yunnan, kingali kinabishaniwa: wapo wanaokihesabu kuwa cha Kilolo, na wapo, wakiwemo wanaisimu Guillaume Jacques na Alexis Michaud katika kazi yao ya mwaka 2011, wanaokitoa nje ya tawi na kukisogeza karibu na lugha za Kiqiang, kundi jingine la familia ya Kisino-Tibeti.