Simu ya Marekani haifunguliwi Kariakoo

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alikuja mezani kwangu, Mtaa wa Aggrey, na iPhone 13 aliyotumiwa na mwanawe aliyeko Houston. Alikuwa ameiviringisha kwenye kipande cha khanga, haina hata mkwaruzo. Nikachomeka laini yake, kioo kikaandika "SIM Not Supported".

"Si uiflashi tu, mwanangu? Nimeambiwa mafundi wa Kariakoo hawashindwi na kitu."

Maneno hayo nayasikia karibu kila siku, na yananiuma kwa sababu kuna watu wanaliwa hela zao kwa kuyaamini. Leo nayajibu kwa maandishi.

Dhana: loki ya mtandao, ile inayoifanya simu ikatae laini za kampuni nyingine zaidi ya iliyoiuza, imo ndani ya simu, kwa hiyo fundi hodari ataitoa.

Ukweli: kwa iPhone, loki haikai kwenye simu. Simu inapoanzishwa mara ya kwanza, au baada ya kufutwa, hupeleka IMEI, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye seva za Apple na kuuliza inaruhusiwa kutumia laini za nani. Jibu linalotoka huko ndilo inalolifuata. Ukiiflashi umeiwekea programu safi, na programu hiyo safi itauliza swali lile lile na kupewa jibu lile lile. Mwenye uwezo wa kulibadilisha jibu ni kampuni ya simu iliyoiuza, na kwa kawaida haikubali mpaka deni liishe. Simu nyingi za Marekani huuzwa kwa awamu, miezi 24 hata 36. Kijana anatoka dukani na simu ambayo bado hajaimaliza kulipia, anaipakia kwenye begi la mtu anayerudi nyumbani, halafu lawama zinamwangukia fundi.

Nchi si zote sawa. Kanada ilipiga marufuku simu za kufungwa mtandao tangu Desemba 2017, Uingereza ikafuata Desemba 2021. Simu mpya ikitoka Toronto au London sina wasiwasi nayo sana. Ikitoka Texas, nauliza kwanza.

"Mbona ya jirani yangu ilifunguliwa hapa hapa?" Haikufunguliwa. Aliwekewa kichipu chembamba kama karatasi, kinakaa chini ya laini na kuidanganya simu kwamba laini ni ya kampuni iliyoiuza. Inashika mtandao, anafurahi, analipa. Siku anapokubali toleo jipya la programu, mtandao unapotea, na aliyemwekea hapokei tena simu yake. Wapo pia wanaoahidi kubadilisha IMEI. Hilo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Mtu akikuambia hivyo, chukua simu yako uondoke.

Na tafadhali msichanganye loki ya mtandao na ya iCloud. Ya iCloud ni ya mwenye simu, inatoka kwenye akaunti yake ya Apple. Aliyeifunga kwa akaunti hiyo anaweza kuiondoa akiwa huko huko aliko, kwa nywila yake, ndani ya dakika chache.

Ushauri wangu ni ule ule, na nitaurudia hadi nichoke: kabla simu haijapanda ndege, aliyeko huko afungue Settings, General, About, ashuke hadi palipoandikwa Carrier Lock. Pakisomeka "No SIM restrictions", iko huru. Pakisomeka kingine, asiilete. Apige picha ya kioo akutumie. Wengi huona aibu kumwomba ndugu picha hiyo, wakidhani ataona hawamwamini. Mwombeni tu.

Wengine huniletea iPhone ya Marekani wakilia kwamba ni feki kwa sababu haina tundu la laini. Si feki. Kuanzia iPhone 14, ya mwaka 2022, za Marekani hutumia eSIM peke yake, laini iliyo ndani ya simu bila kadi ya kuchomeka. Ulizia kwanza kama mtandao wako unaitoa.

Kuna na hii ya kwamba adapta ya pini inabadilisha umeme. Haibadilishi chochote, inabadilisha umbo la pini tu. Marekani wanatumia volti 120, Japani 100, sisi 230. Chaja ya simu au ya laptop iliyoandikwa 100-240V haina shida. Kinyozi mmoja alileta mashine ya kunyolea ya 120V, akaichomeka kwa adapta. Iliponifikia ilinuka koili iliyoungua, na vanishi yake imegeuka nyeusi. Hata ukiitafutia transfoma ya kushusha umeme, mashine za namna hiyo zilizotengenezwa kwa hezi 60 hugonga na kupoteza nguvu kwenye hezi 50 zetu. Nunua ya kuchaji yenye chaja ya 100-240V, au ya hapa hapa.

Eti ya Dubai ni kopi, ya Ulaya ndiyo orijino? Acheni kuangalia nchi, angalieni simu. Kwenye iPhone, namba ya modeli ikianza na M iliuzwa ikiwa mpya, ikianza na F ilikarabatiwa. Halafu piga *#06#, chukua IMEI, itume kwenda 15090 uone kama majibu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, yanalingana na ulichoshika mkononi.

Yule mama nilimrudishia simu yake bila kumtoza hata mia. Tulimpigia mwanawe video pale pale mezani, kwa simu yangu, akakiri amebakiza awamu nne. Kwa sasa mama anaitumia kwa Wi-Fi ya duka la jirani, kuangalia picha za wajukuu. Awamu zikiisha, kijana ataiomba kampuni yake huko Houston iiachie, mama ataiunganisha na Wi-Fi ile ile, ataizima, ataiwasha, laini itashika.