Mbwa Mzee na Mazoezi: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Dhana: Mbwa akizeeka aachwe apumzike.

Ukweli: Viungo vya mbwa mzee hutegemea misuli inayovizunguka, na misuli hiyo hupungua upesi mnyama anaposhinda amelala. Ikishapungua, uzito huelemea gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ambalo tayari limelika, maumivu huzidi, naye huzidi kukataa kutembea. Wanaoumizwa sana na imani hii ni mbwa wa ulinzi wa aina ya German Shepherd, ambao huelekea kuugua nyonga, kwa kuwa wengi wao hufungiwa bandani mchana kutwa huku mwenye nyumba akiamini kwamba kuzunguka ua usiku kunawatosha. Haitoshi. Mbwa mzee anahitaji matembezi mafupi kila siku, asubuhi na jioni, kwa mwendo anaouchagua mwenyewe, na aruhusiwe kusimama na kunusa kila anapotaka, kwani kunusa huichangamsha akili yake bila kuvichosha viungo. Safari moja ndefu ya Jumapili haiwezi kufidia siku sita za kulala. Mara nyingi humfanya achechemee Jumatatu.

Dhana: Akipunguza mwendo, huo ni uzee tu.

Ukweli: Mbwa mwenye maumivu aghalabu halii. Husita mbele ya ngazi, huamka kwa shida, hulamba kiungo kilekile mara kwa mara, au huwa mkali anapoguswa kiunoni. Akikohoa au kuishiwa pumzi baada ya mwendo mdogo, huenda moyo ndio wenye tatizo, na hapo matembezi yasitishwe hadi daktari wa mifugo ampime. Tafadhali usimpe ibuprofeni wala diklofenaki kutoka kabati lako la dawa, kwa sababu dawa hizo huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho kwa binadamu ni kidogo.

Dhana: Mbwa wa kwetu amezoea jua.

Ukweli: Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na uwezo huo hudhoofika uzeeni. Atembezwe kabla jua halijapanda au baada ya kuchwa, na ikiwa lami inakuunguza mkono, itaziunguza na nyayo zake.

Dhana: Unene ni dalili ya kutunzwa vizuri.

Ukweli: Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na ugonjwa wa viungo ulichelewa kuwaanza. Kwa maoni yangu, hakuna zoezi linaloweza kushinda faida hiyo, kwa hiyo mbavu za mbwa mzee zipapaswe kila wiki. Zisipohisika kwa urahisi chini ya vidole, chakula kipunguzwe kidogo kidogo kabla ya kurefusha matembezi.