Kamba ya Manila Iliyotoka Oklahoma

Juzi nilikwenda Sahare, pwani ya Tanga, na kipande cha kamba ya katani. Nahodha mmoja akakinusa, akanirudishia. "Mwanangu, hii ikilala majini inalewa." Ngalawa yake ameifunga kwa kamba ya manila. Manila jina tu. Ni polipropilini, aina ya plastiki, gramu 0.9 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, ndiyo maana inaelea.

Mimi kazi yangu ni singa za mkonge, hivyo nasaba ya mshindani wetu naijua. Juni 1951, mjini Bartlesville, Oklahoma, J. Paul Hogan na Robert Banks wa kampuni ya mafuta ya Phillips walikuwa wanatafuta namna ya kupata petroli kutokana na gesi ya propilini. Waliipitisha gesi kwenye kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mabadiliko ya kemikali, cha oksidi ya nikeli, safari hii wamechanganya na oksidi ya kromu. Wakitarajia kimiminika, wakakuta kitu cheupe, kigumu: ndiyo polipropilini yenyewe. Kiwandani huo ni uchafu: unakwangua bomba, kazi inaendelea. Wao wakaufuata uchafu mpaka wakajua kromu ndiyo iliyoufanya.

Nguvu ya maabara ya kampuni iko hapo. Mshahara upo hata usipopata ulichotumwa, na ukiokota kitu, wahandisi na wanasheria wako jirani. Mkemia Giulio Natta naye aliipata polipropilini Italia mwaka 1954, akisaidiwa na kampuni ya Montecatini. Kesi ya nani alitangulia ikavutwa hadi 1983, Phillips walipopewa hataza ya Marekani, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Miaka thelathini na ushei!

Mchezo huu wa maabara za kampuni ni wa zamani. BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili, rangi ya buluu ya nguo, ya kiwandani mwaka 1897, wakulima wa nili India ndio walioumia. Kampuni ya DuPont ya Marekani wakaja na nailoni mwaka 1935. Maabara ya kampuni ya simu ya Bell, kwa pesa za simu, wakapata transista, kile kipande kidogo cha ndani ya redio, mwaka 1947.

Sisi Tanga hatukukosa watafiti. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ulipata kituo chake cha utafiti Mlingano, na utafiti wa Tanganyika ukazaa chotara 11648, lenye majani mengi kuliko mkonge wa kawaida. Lakini maswali yalikuwa hasa ya shambani: udongo, miche, magonjwa. Kamba ikifika kwa mnunuzi, basi. Nadhani hapo ndipo tulipopigwa.

Kile kipande nimekiloweka kwenye beseni la maji ya bahari, napima uzito wake kila asubuhi. Leo siku ya nne. Kilizama tangu ya kwanza.