Anakimbia kwa ajili ya nani?

Juzi nilisimama kando ya kiwanja nikimtazama binti wa miaka 14. Alimaliza mita 1,500 akiwa wa kwanza, lakini hakuwatazama wenzake. Macho yalienda moja kwa moja kwenye saa iliyokuwa mkononi mwa kocha. Baadaye nikamuuliza, "Siku ukishindwa itakuwaje?" Akajibu papo hapo: "Karo ya ndugu yangu itatoka wapi?"

Mimi ni mwanasaikolojia wa michezo. Wazazi waliomwelekeza mtoto mapema kwenye mchezo mmoja tu huniuliza afanye mazoezi kwa muda wa saa ngapi. Saa zina uzito wake, muulize daktari wa mifupa. Ila mimi huanzia kwenye jibu kama lile la binti.

Edward Deci na Richard Ryan, waliochunguza motisha kwa miongo kadhaa, wanataja mahitaji matatu: mtu awe na kauli katika anachofanya, aone anakiweza, na ajue ana watu wake. Mtoto aliyefungiwa mchezo mmoja tangu ana miaka 9 mara nyingi hulipata la pili mapema. Anashinda, basi hatushtuki. La kwanza ndilo hutoweka kimyakimya: kocha amchagulie mbio, mzazi amchagulie kambi. La tatu nalo huwa na masharti. Marafiki wote wako kambini, kwa hiyo akiteguka kifundo cha mguu anakosa mbio na marafiki kwa mpigo.

Faith Kipyegon alicheza soka shuleni kabla ya kuzama kwenye mbio, na bado ametwaa dhahabu 3 za Olimpiki za mita 1,500. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800, alijaribu dekathloni (shindano la michezo kumi ya riadha) na mita 400 kabla ya kutulia kwenye 800. Sisemi soka ndilo lililomtengeneza Kipyegon (bingwa mmoja si ushahidi), lakini nani atadai wawili hawa walichelewa?

Kwa binti yule nilimwomba kocha kitu kimoja: siku moja kwa wiki achague mwenyewe. Alichagua voliboli. Kocha alinung'unika, kisha akakubali mpaka mwisho wa muhula.

Suala la karo nilimpelekea mama. Alishangaa kweli. Hajawahi kumwambia mtoto jambo hilo. Ila aliwahi kuongea na mjomba mtu kwa simu usiku, akidhani watoto wamelala.