Upasuaji wa 1944 haukuziba tundu la moyo

Husemwa kwamba daktari mpasuaji Alfred Blalock na daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, waliwaponya "watoto wa bluu", yaani waliozaliwa na kasoro ya moyo inayowapa rangi ya bluu, kwa kuziba tundu lililo kati ya vyumba vya moyo. Sivyo. Makala yao ya 1945 inaeleza wagonjwa watatu tu, na moyo wenyewe haukupasuliwa. Taussig alibaini kuwa damu inayofika mapafuni ni kidogo mno, maana njia yake imebanwa. Ndiyo sababu midomo na kucha huwa na rangi ya bluu. Kwa mgonjwa wa kwanza, ateri (mshipa utoao damu moyoni) iendayo mkononi ilikatwa ikashonwa kwenye ateri ya mapafu, ili damu zaidi ifike mapafuni. Midomo ya yule wa tatu ikawa myekundu angali kwenye meza ya upasuaji, na tundu liko palepale! Vivien Thomas, msaidizi wa Blalock katika maabara aliyeijaribu mbinu hiyo kwa mbwa, hakuwekwa miongoni mwa waandishi wa makala hiyo. Kasoro yenyewe ndani ya moyo ilianza kurekebishwa 1954, katika jimbo la Minnesota, Marekani.