Amepona, Mbona Halali?

Nina mgonjwa mmoja (nimemchanganya na wengine wawili watatu ili asitambulike) anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Miaka sita iliyopita alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa mionzi na dripu. Vipimo vyake tangu hapo ni safi. Ukimkuta mwaloni akibishana na wachukuzi juu ya idadi ya magunia, hutadhani lolote. Ila wiki ya kliniki ikikaribia, usingizi unakata. Saa tisa usiku amekaa kitandani, anajibonyeza chini ya kitovu.

"Dokta, mimi siumwi," aliniambia. "Ni mawazo tu."

Hapo kwenye "mawazo tu" ndipo ninapovuta kiti karibu. Wagonjwa wangu wa kanda hii ni nadra kuniambia wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Husema kichwa kimejaa, moyo unaenda mbio, mwili unawaka, vidonda vya tumbo vimerudi. Na aliyepona saratani ana sababu ya ziada ya kufunga mdomo: ng'ombe waliuzwa kwa ajili yake, kanisani alitolewa shukrani, shemeji alilala wodini akimuuguza. Utaanzaje kuwaambia watu hao kwamba huna raha?

Mimi mwenyewe zamani nilikuwa nikitafuta huzuni kwa watu hawa, nikiwauliza kuhusu kulia na kukata tamaa. Nilikuwa nachungulia dirisha lisilo lenyewe. Mwaka 2013 jarida la The Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu watu waliokwisha kuvuka angalau miaka miwili tangu wagundulike na saratani. Sonona ilikuwa asilimia 11.6 kwao, na asilimia 10.2 kwa watu wasiowahi kuugua, karibu sawa. Wasiwasi ndio uliotofautiana: asilimia 17.9 dhidi ya 13.9. Kwa maneno mengine, miaka ikipita huzuni hurudi usawa wa watu wengine, lakini hofu inabaki.

Inabaki kwa sababu mwili una kumbukumbu yake. Mama huyu alianza na damu kidogo tu, akaipuuza, ikawa saratani. Tangu hapo hakuna dalili ndogo kwake. Akila maharage tumbo likajaa gesi, saratani imerudi. Anajibonyeza, anapata nafuu ya dakika kumi, kisha anajibonyeza tena, na kadiri anavyobonyeza ndivyo panavyouma. Harufu ya dawa ya kusafishia korido za hospitali nayo inatosha kumtoa jasho, maana ni pale pale alipopewa majibu.

Kumwambia "usiwe na hofu" hakusaidii. Nilichofanya ni kuandika naye nyuma ya daftari lake la mahesabu dalili za kumleta haraka bila kungoja tarehe: kutokwa damu ukeni, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya nyonga yasiyoachia, kupungua uzito bila sababu. Mengineyo yanapewa wiki mbili, yakiendelea aje. Kujibonyeza tukakupunguza polepole, kwanza mara moja kwa siku, baadaye mara moja kwa wiki. Alinuna, lakini alifanya.

Wengine huhitaji dawa, na hapa niseme jambo kwa kina mama waliougua saratani ya matiti wanaomeza tamoksifeni. Fluoksetini na paroksetini, dawa za sonona, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Zipo dawa nyingine za sonona zisizo na tatizo hilo kubwa. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa ya mawazo, taja tamoksifeni hata kama hujaulizwa, na usiache yoyote kati ya hizo ghafla kwa uamuzi wako. Ukifika mahali pa kuwaza kujidhuru, hapo hakuna kungoja tarehe; nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Kuna namba nyingine katika uchambuzi ule iliyonishika zaidi. Katika zile tafiti zilizowalinganisha na wenzi wao wa ndoa, waliopona walikuwa na wasiwasi asilimia 28.0. Wenzi wao, asilimia 40.1.

Nikamkumbuka mume. Kila kliniki alikuwa akimleta mkewe kwa pikipiki, anakaa benchi la nje na kofia mapajani, na mimi nilikuwa nikimpita kwa "shikamoo mzee" nikaendelea na kazi. Safari iliyofuata nikamwomba aingie. Mkewe alikuwa anaeleza kwamba sasa analala vizuri kidogo. Mzee akatikisa kichwa, akitazama sakafu.

"Yeye analala," akasema. "Mimi akiamka kwenda chooni nahesabu dakika mpaka arudi. Akikawia naenda kusimama mlangoni, nasikiliza. Miaka sita."

Mkewe alimgeukia. Hakuwa akijua.

Siku hiyo nilifungua kadi mbili.