Pete Gray na msimu wake mmoja wa Ligi Kuu

Kila ninapowafundisha wachezaji wa besiboli wanaolinda sehemu ya nje ya uwanja namna ya kudaka mpira na kuurudisha upesi, humtaja Pete Gray, aliyeichezea St. Louis Browns, timu ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, mwaka 1945 akiwa na mkono mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia aliupoteza utotoni, huko Pennsylvania, baada ya kuanguka garini.

Husemwa kwamba alisajiliwa kwa kuwa Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimewachukua wachezaji wengi. Vita vilimfungulia mlango, sikatai, lakini mwaka 1944, akiwa Memphis katika ligi ya chini, alipiga kwa wastani wa .333 (yaani pigo moja lililofanikiwa katika kila zamu tatu), akaiba vituo 68, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe, na akachaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Huyo hakubebwa na huruma ya mtu.

Udakaji wake unastahili kutazamwa polepole. Alikuwa ameipunguza glavu yake ujazo wa ndani ili ivulike kwa urahisi. Akishadaka, aliibana chini ya kigutu cha mkono wa kulia, akauacha mpira uteleze kifuani, kisha akaupokea kwa kiganja kilekile cha kushoto na kuurusha. Alifanya hayo kwa wepesi wa kustaajabisha. Hata hivyo, kitambo hicho kidogo kiliwatosha wakimbiaji kujipatia kituo cha ziada, na baadhi ya wenzake walinung'unika.

Kwa maoni yangu, kilichomwangusha hasa ni upigaji kwa gongo, ile fimbo ya kupigia mpira. Mpigaji wa mikono miwili akianza kulizungusha, kisha akabaini kwamba mpira unakuja taratibu au unapinda, mkono wa pili humsaidia kulizuia. Gray alilazimika kuanza mapema, na gongo likishaondoka hakuwa na cha kulirudishia. Warushaji walipoligundua hilo, wakamrushia mipira ya taratibu na ya kupinda. Jicho lake lilikuwa kali mno, kwani katika zamu 234 za kupiga alitolewa kwa kukosa mpira mara 11 tu. Aliugusa, ila bila nguvu. Alimaliza na mipigo 51 iliyofanikiwa, wastani wa .218, bila hata mmoja wa kuzunguka vituo vyote.

Vita vilipokwisha, wachezaji walirejea kutoka jeshini, na mwaka 1946 Gray alikuwa Toledo, daraja la chini. Ligi Kuu aliichezea mechi 77, hakuirudia tena.